Entebbe hadi Nairobi kwa ndege: kilomita 521, dakika 50 angani, na saa sita za safari

Ukiuliza mtandaoni Kampala na Nairobi zimeachana kwa umbali gani, utapewa namba tatu zinazogombana: kilomita 503, kilomita 521, na kilomita 650 hivi. Zote zina ukweli wake. Ya kwanza ni mstari ulionyooka kutoka katikati ya Kampala hadi katikati ya Nairobi, na hakuna ndege ya ratiba inayoufuata, maana Kampala yenyewe haina uwanja wa kimataifa. Ule wa Kajjansi ni wa ndege ndogo za kukodi. Ya tatu ni barabara, kupitia Jinja na mpaka wa Busia au Malaba. Ya kushika ni ile ya kati, Entebbe hadi Jomo Kenyatta, uwanja mkuu wa Nairobi: kilomita 521, yaani maili 324 za nchi kavu, au maili 281 za baharini ambazo ndizo marubani wanazohesabia mafuta.

Kuhusu muda, vikokotoo vya mtandaoni havina uchawi wowote. Vingi huchukua umbali, huugawa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, halafu huongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Kilomita 521 kwa mwendo huo ni dakika 39. Ongeza 30, unapata saa moja na dakika 9. Tiketi zenyewe huandikwa kati ya saa moja na dakika 10 na saa moja na dakika 20, kwa hiyo kwa njia hii hesabu hiyo ya juujuu haiko mbali. Ila ijulikane tiketi inahesabu nini: saa huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake Entebbe, na huisha inaposimama kwenye maegesho ya Nairobi. Magurudumu yakiwa hewani ni dakika 50 hivi, siku nzuri hata 45.

Na hizo 50 hazifanani na dakika za safari ndefu. Karibu safari yote ni kupanda na kushuka. Chukua ndege inayopanda hadi futi 29,000. Kupanda huko humaliza kilomita 190 hivi. Kushuka kuna kanuni ya marubani isiyohitaji kompyuta: maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuna futi 23,700 za kupoteza, sawa na maili 71, kilomita 131. Weka na nafasi ya kupunguza mwendo, unafika 150. Kinachobaki cha kwenda sawa, ndege ikiwa imetulia kimo kimoja, ni kilomita 180. Hizo ni dakika 13.

Dakika 13 hizo ndizo huduma yote ya ndani ya ndege. Ndiyo maana unapewa kikombe kimoja na kitafunwa cha kwenye pakiti, na mhudumu anarudi kuchukua kikombe kabla hujafika nusu. Wanaolalamika kwamba "hata chakula hakuna" waangalie hesabu: kigari hakiruhusiwi kutoka ndege ikiwa bado inapanda kwa mkao mkali, na lazima kiwe kimefungwa mahali pake wakati wa kushuka. Anayetaka chai ya kunywa polepole ainywe Entebbe kabla ya kupanda. Mwenye mtoto mchanga naye asisubiri tangazo la kutua ndipo amnyonyeshe. Ndege huanza kushuka ikikaribia Narok, nusu saa tu tangu kuruka au zaidi kidogo, na masikio ya mtoto huanza kuuma hapo hapo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kwenda Nairobi ndege hushika vimo vya witi, futi 25,000, 27,000, 29,000, na kurudi Entebbe hushika vya shufwa, 26,000, 28,000, 30,000. Ni kanuni ya anga: wanaokwenda mashariki na wanaokwenda magharibi wasikutane uso kwa uso.

Je, kwenda na kurudi ni muda mmoja? Karibu sawa. Hapa kwenye ikweta hakuna ule mkondo mkali wa upepo wa juu unaofanya safari za Ulaya na Marekani zitofautiane kwa saa nzima. Tofauti ya dakika chache hutoka kwenye viwanja. Nairobi, kwa upepo wa kawaida, ndege huruka na kutua zikielekea kaskazini mashariki. Anayetoka Entebbe anaingia karibu moja kwa moja. Anayerudi Entebbe anaruka akiwa amekipa kisogo anakokwenda, halafu anageuza. Cha kula muda zaidi ni msongamano: Jomo Kenyatta ina njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, na saa za pilika ndege za masafa marefu na za jirani zote huitaka kwa pamoja. Ukiona ndege inazunguka juu ya mawingu kabla ya kutua, kila mzunguko wa kusubiri ni dakika nne: moja ya kunyoosha, moja ya kugeuka, moja ya kunyoosha, moja ya kugeuka. Mizunguko mitatu ni dakika 12, na ukafika saa ile ile ya kwenye tiketi, kwa sababu mashirika yameshaiingiza kwenye ratiba. Hapo, na kwenye mwendo wa ardhini kutoka na kwenda maegeshoni, ndipo zinapotoka zile dakika 20 au zaidi ambazo tiketi inaziongeza juu ya 50 za angani.

Ndege zenyewe

Wenye safari nyingi kwenye njia hii ni Kenya Airways. Uganda Airlines nayo ina historia hapa: shirika la zamani lililoundwa 1976 lilifungwa 2001, na lilipofufuliwa safari yake ya kwanza ya kibiashara, tarehe 28 Agosti 2019, ilikuwa ya kwenda Nairobi.

Uganda Airlines hutumia zaidi Bombardier CRJ900, viti 76: 12 vya daraja la biashara na 64 vya kawaida, viwili viwili kila upande, kwa hiyo hakuna wa kubanwa katikati. Ubaya wake ni kabati za juu. Ni fupi. Kibegi cha magurudumu kinachoingia bila shida kwenye Boeing hakiingii humo, na kitachukuliwa mlangoni kipelekwe tumboni mwa ndege. Hakuna malipo, ila ukitua unakisubiri. Toa humo kompyuta, dawa na pasipoti mapema; mlangoni pa ndege kuna watu nyuma yako na mvua wakati mwingine, si mahali pa kufungua zipu. Jambo la pili: injini za CRJ ziko nyuma, ubavuni mwa mkia. Safu za nyuma zina mngurumo usiokoma na dirisha lako la mwisho linatazama injini. Kaa mbele ya bawa. Madirisha yenyewe yako chini kidogo, mtu mrefu atainama.

Kenya Airways hupanga Embraer 190, viti 96, nayo ni viwili viwili, na mara nyingine Boeing 737-800 ya viti 145, vitatu vitatu. Kwa safari ya dakika 50 naipa Embraer ushindi bila kusita: pana kuliko CRJ, kabati zake humeza begi, na kushuka ni haraka kuliko Boeing iliyojaa. Aina ya ndege huandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, ukibonyeza namba ya safari. Inaweza kubadilishwa siku ile ile, kwa hiyo usiifanye sababu ya kulipa zaidi.

Daraja la biashara sioni maana yake hapa. Unalipia kiti kipana kwa muda wa kusoma gazeti moja. Labda kama unaunganisha safari ndefu kwa tiketi moja, au una mizigo mingi na hesabu ya kilo inakupa faida.

Dirisha la kushoto ndilo la kwenda Nairobi. Wakati wa kurudi, la kulia. Mstari ulionyooka unatoka Entebbe, unakata ziwa, unaingia Kenya karibu na Homa Bay, na Ghuba ya Winam inabaki kushoto. Baadaye, ndege ikishuka, Bonde la Ufa linafunguka: Ziwa Naivasha, na shimo la mlima Longonot kama sufuria iliyovunjika mdomo. Saa moja au saa mbili asubuhi, kabla mawingu hayajasimama, Mlima Kenya huonekana kwa mbali upande huo huo. Upande wa kulia utaona Suswa ukibahatika, vinginevyo ni mbuga.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kuliko hata kwenye foleni. Tiketi haijui Kiswahili, wala Luganda. Sisi wote wawili tunahesabu saa kuanzia alfajiri, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, si saa saba. 13:40 ni saa nane kasoro dakika ishirini mchana. Ukipunguza sita umeshapata saa yetu, ikifika kumi na tatu punguza tena kumi na mbili, na kwa saa za kabla ya 07:00 ongeza sita badala ya kupunguza.

Mtego mkubwa ni safari za baada ya saa sita ya usiku. Tiketi ikisema Jumanne 00:40, maana yake ni ule usiku unaoanza Jumatatu jua likizama. Waswahili wa zamani hawangekosea, kwa sababu kwao usiku hutangulia mchana wake, na "usiku wa Jumanne" ndio huo huo. Lakini kwa mazungumzo ya mjini leo, ukimwambia mtu "Jumanne usiku" atakuja Jumanne jioni na begi lake, ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Mnunulie mzee tiketi ya saa hizo, kisha mwandikie kwa maneno: utoke nyumbani Jumatatu, saa mbili usiku.

Uganda na Kenya zina saa ile ile, hakuna cha kubadilisha mkononi. Ila ukilinganisha njia hii na nyingine za Entebbe angalia vizuri. Bujumbura iko kilomita 510, karibu sawa na Nairobi, na Kigali ni kilomita 340 tu, lakini miji hiyo iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Entebbe saa nne asubuhi kwa safari ya saa moja, Kigali unafika saa nne hiyo hiyo kwa saa za huko. Wakati wa kurudi, tiketi itaonyesha kama umekaa angani saa mbili. Juba nayo, kilomita 545, ilihamia saa hizo Februari 2021, na bado kuna watu wanaoikosa kwa sababu hiyo. Dar es Salaam, kilomita 1,075, haina mambo hayo.

Barabara ya Entebbe

Kutoka katikati ya Kampala hadi uwanjani ni kilomita 40 hivi. Kipande hicho cha asilimia nane ya umbali wa ndege kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko ndege yenyewe, na ndicho kinachoamua kama huduma hii ni nzuri kwako au la.

Barabara ya kulipia, iliyofunguliwa 2018 na kuanza kutozwa ada Januari 2022, inaingiliwa Busega au kutokea Munyonyo, na inakutoa Mpala, karibu na Abayita Ababiri. Ukishakuwa juu yake ni mteremko, nusu saa umefika. Shida iko kabla ya kuifikia. Anayetoka Ntinda, Kireka au Naalya ana barabara ya kuzunguka mji upande wa kaskazini hadi Busega, na huo mzunguko wa Busega jioni unajua kumtoa mtu jasho. Anayetoka Kabalagala au Ggaba aende Munyonyo. Asithubutu kurudi mjini kutafuta Kibuye. Barabara ya zamani, ya Najjanankumbi, Zana na Kajjansi, ni ya bure, na saa kumi na mbili asubuhi Jumapili haina neno. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwenye mvua, ni barabara ya kukosea ndege.

Mizani yangu ni hii. Kwa ndege ya alfajiri, dakika 60 kutoka popote Kampala zinatosha. Kwa ndege ya saa nne hadi saa tisa, tenga saa moja na nusu. Kwa ndege ya jioni, kuanzia saa kumi na moja, tenga saa mbili na nusu, na ikinyesha ongeza. Weka noti ndogondogo za ada mkononi kabla hujafika kibandani.

Spesho, gari la kukodi peke yako, ndiyo njia ya wengi, mkubaliane bei kabla ya kuwasha gari na muulize waziwazi: ada ya barabara na maegesho ya uwanjani imo au haimo? Ugomvi mwingi wa mlangoni huanzia hapo. Taksi za abiria 14 kutoka paki za mjini ni rahisi mno, lakini haziingii uwanjani: mwisho wake ni Kitooro, mjini Entebbe, na kutoka hapo unachukua boda au gari lingine. Ukiwa na begi moja la mgongoni, ni njia nzuri. Ukiwa na mabegi mawili, umeokoa senti umepoteza saa.

Langoni mwa uwanja jiandae kushuka. Abiria hupita ukaguzi kwa miguu, gari hukaguliwa peke yake, mnakutana mbele. Halafu kuna ukaguzi wa mlango wa jengo, kaunta, uhamiaji, na ukaguzi wa mwisho kabla ya chumba cha kusubiri. Kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na huko kufungwa si mzaha. Kufika saa tatu kabla, wanavyoshauri, ni kwa msimu wa Desemba na kwa saa ambazo ndege kubwa za Ghuba na Ulaya zinaondoka pamoja nanyi. Siku ya kawaida, saa mbili zinatosha, na ukiwa umeshajisajili kwa simu huna begi la kukabidhi, utabaki na muda wa kukaa.

Karatasi na mizigo

Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Pasipoti bado ndiyo inayopita bila maswali, hasa kama kitambulisho kimechubuka picha au kinakaribia kuisha muda. Mtoto asiye na kitambulisho anahitaji hati yake mwenyewe. Mgeni wa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aangalie kibali cha kielektroniki cha Kenya, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024, kabla ya kulipa tiketi. Anayekuja kutembea Uganda, Kenya na Rwanda pamoja, kuna viza moja ya watalii ya nchi hizo tatu, dola 100, siku 90, na huombwa kwa nchi atakayoingia kwanza.

Kadi ya njano ya homa ya manjano isisahaulike. Uganda huiuliza kwa wanaoingia, Kenya huiuliza kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa, na Uganda imo. Chanjo lazima iwe imepata siku kumi kabla ya safari. Ya jana haina kazi. Habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama iliandikwa miaka kumi.

Sasa mizigo, na hapa wageni wa njia hii huumia kwa vitu vya nyumbani. Odii, ile karanga na ufuta uliosagwa, kwa macho yako ni chakula kigumu. Kwa macho ya mkaguzi ni kitu cha kupakaa, sawa na dawa ya meno, na kopo la zaidi ya mililita 100 halipiti mkononi. Asali ya West Nile hali kadhalika, samli vilevile. Viweke kwenye begi la kukabidhi, kopo ndani ya mfuko unaozibwa, mfuko ndani ya nguo, kwa sababu tumboni mwa ndege mgandamizo hubadilika na kifuniko kilichofungwa Kampala hujilegeza. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, zilizokaangwa zikakauka hazina shida ya majimaji. Mbichi za Novemba zitavuja na kunuka kabla ya Homa Bay. Matunda mabichi na miche ni jambo lingine: upande wa Kenya huhitaji cheti cha afya ya mimea, na ndizi za shambani zisizo na karatasi zinaweza kubaki uwanjani.

Na kavera, mfuko wa plastiki, iache nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na ile uliyofungia viatu inahesabika. Tumia cha kitambaa.

Kilo zako zimeandikwa kwenye tiketi, na hutofautiana kwa aina ya tiketi hata ndani ya shirika moja, ndege moja, safu moja ya viti. Tiketi ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa ya begi la mkononi tu. Kulipia begi mtandaoni siku moja kabla ni nafuu kuliko kaunta. Nauli yenyewe, fungua mchanganuo wake: kodi na ada za viwanja viwili pamoja na ile tozo ya shirika iliyoandikwa YQ au YR mara nyingi huizidi nauli ya msingi. Hivyo safari fupi haiwi rahisi kwa kiwango cha ufupi wake, maana ada ya uwanja haijali kama unakwenda Nairobi au London. Ukikosa ndege, usitupe tiketi. Nauli inaweza kuwa imekufa, lakini kodi za uwanja ambao hukuutumia mara nyingi hurudishwa ukiomba kwa maandishi.

Upande wa Nairobi

Foleni ya uhamiaji ya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya wageni. Tazama bango kabla hujajipanga. Kutoka uwanjani hadi mjini ni kilomita 15 hadi 18. Tangu 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na imeiondolea njia hii aibu yake kubwa: zamani saa ulizookoa angani zilikwisha Mombasa Road. Mwambie dereva mapema kwamba ada ya juu ni yako, la sivyo atapita chini.

Ukiwa unaendelea Maasai Mara, ndege ndogo haziondokei hapo, huondokea Wilson, uwanja mwingine upande wa Lang'ata. Usinunue tiketi ya Wilson iliyo chini ya saa tatu na nusu baada ya kutua. Ukiunganisha Jomo Kenyatta kwenda mbali, hakikisha ni tiketi moja, begi limefungwa karatasi yenye herufi za uwanja wa mwisho, na si NBO, ambazo ni za Nairobi. Tiketi mbili tofauti maana yake ni uhamiaji, mkanda wa mizigo, na kaunta upya, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikudai wala haikujui.

Ucheleweshaji una tabia yake hapa. Ndege moja hukimbia njia nne au tano kwa siku, kwa hiyo dakika 40 zilizopotea asubuhi Juba au Mombasa zitakufikia Entebbe alasiri. Safari ya kwanza ya siku, ambayo ndege imelala uwanjani, ndiyo inayoondoka kwa wakati mara nyingi. Ina adui mmoja: ziwa. Radi za Ziwa Victoria hupikwa usiku na hufika alfajiri, hasa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Nairobi nayo, Juni hadi Agosti, ina mawingu ya chini ya asubuhi yanayoning'inia hadi saa tatu.

Ukijumlisha yote kwa safari ya asubuhi katikati ya wiki: saa moja na nusu barabarani, saa mbili uwanjani, saa moja na robo ya ndege, dakika 45 za uhamiaji na begi, dakika 45 za kuingia mjini. Saa sita na robo. Basi la usiku la Kampala–Nairobi ni saa 12 hadi 14, mpaka ukiwa mwepesi, kwa sehemu ndogo ya nauli, na linakushusha mjini, si kilomita 18 nje yake. Mtu mwenye mkutano saa nane mchana apande ndege bila kujiuliza. Mtu mwenye wiki nzima na magunia mawili ya mchele wa Bugiri, basi lina buti.

Kwa huduma yenyewe naipa njia hii nyota nne kwa tano asubuhi, na mbili na nusu Ijumaa jioni, hata kama ndege ni ile ile na rubani ni yule yule. Ukilazimika kwenda Ijumaa, chukua ya saa saba mchana, spesho iwe mlangoni kwako saa tatu na nusu, na mwambie dereva apitie Munyonyo.